Sahihi Juu ya Bata

Seremala mkuu wa karakana ya serikali aliitwa Pimamaji, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Lilitokana na kile chombo chenye kichupa na kipovu ndani, ambacho mafundi hukilaza juu ya ubao kujua kama umekaa sawa. Wenzake waliweka kalamu kwenye mfuko wa shati. Yeye aliweka chombo hicho. Hakuweza kuingia nyumba ya mtu bila kukilaza juu ya meza. Siku alipokwenda kujitambulisha ukweni, miaka arobaini iliyopita, alikilaza juu ya kabati la vyombo na kumwambia mama mkwe, "Hili limelewa upande wa mlango." Nusura anyimwe mke.

Mtu wa namna hiyo hakuumbwa kuvumilia siasa za majirani.

Nchi yake ilikuwa na marafiki wawili wa kufa na kuzikana: nchi ya ng'ambo ya mto na nchi ya mlimani. Kwa miaka mingi zilikaa kama mafiga matatu, na chungu kilichemka. Zilijenga daraja kwa jasho la pamoja, pale mipaka yote mitatu inapokutana. Kisha watu wa ng'ambo wakaamka asubuhi moja na kumchagua mtu ambaye Pimamaji alimwita Ngurumo, kwa sababu kelele zake zilikuwa nyingi kuliko mvua yake. Mwaka uliofuata, kana kwamba waliuonea wivu ugonjwa huo, watu wa mlimani wakamchagua Kifua. Huyu hotuba zake alizitoa akijipiga kifuani mpaka vipaza sauti vikakohoa. Wote wawili walisema ni watoto wa watu wa chini, na wote wawili walishuka kwenye magari marefu ili kuyasema hayo.

Ngurumo akatangaza kwamba daraja ni lake, maana chuma kilitoka kwake. Kifua akatangaza kwamba ni lake, maana mawe yalitoka kwake. Kila mmoja akaweka kizuizi na askari mpaka atakapoheshimiwa. Mwezi wa kwanza watu walicheka. Mwezi wa nne hakuna aliyecheka, na Pimamaji ndiye aliyeongoza kwa kutocheka, kwa sababu bintiye, mtoto wake pekee, aliolewa ng'ambo na alikuwa na mimba ya miezi minane. Mke wa Pimamaji alikwisha kufunga sanduku la safari. Lilikaa sebuleni karibu na mlango, na kila mara mzee alipolikwaa aliwatukana wapiga kura wa nchi mbili.

"Kama ningekuwa na kura kule," alimwambia mkewe, "ningekosea mwenyewe nikajilaumu mwenyewe. Sasa wamekosea wao, adhabu natumikia mimi!"

"Kura huna, mdomo unao," mkewe akajibu. "Upumzishe, ule chakula."

Jioni aliporudi kazini alitengeneza kitanda cha mjukuu. Hakutumia msumari hata mmoja. Kila kiungo kilikaa kwa ulimi na tundu. Mbao mbili kubwa za mwisho, ya kichwani na ya miguuni, zililingana kama mapacha, na kwenye uso wa nje wa kila moja alichonga bata. Aliwachonga huku redio ikitoa hotuba, mara za Ngurumo, mara za Kifua, na bila ya yeye kukusudia patasi ikafuata sauti. Bata wote wawili wakatoka midomo wazi.

Mkewe aliwatazama, akainamisha kichwa huku na huku. "Mbona wanapiga kelele hawa? Mtoto atalala saa ngapi?"

"Azoee mapema. Baba yake ni mpiga kura."

Baba wa mtoto alikuwa mwalimu wa jiografia. Hilo ndilo lililomchoma Pimamaji kuliko yote. Mtu aliyesoma mito na madaraja kwa mtihani, akafaulu, akaenda kumpigia kura mfunga daraja! Jumapili walipoongea kwa simu, mkwe hakuwa na haya.

"Baba, nyinyi wa huko hamumwelewi. Yule ni mtu wetu. Anasema tunayoyafikiria."

"Mwanangu, mimi nikisema yote ninayoyafikiria, mama mkwe wako anahama. Hiyo si sifa ya uongozi."

"Ametuinulia vichwa, baba."

"Amewainulia vichwa, na mkiwa mmeviinua amepita chini na daraja."

Mkwe akacheka, maana alimpenda mzee. Kisha bintiye akachukua simu, na sauti yake haikuwa na siasa hata kidogo. "Baba, mkunga anasema huenda ikawa kabla ya siku zake. Mama atafika?"

"Atafika," Pimamaji akasema, na alipokata simu alibaki ameishika kama mtu aliyeahidi kitu kilicho mfukoni mwa mwingine.

Jumatatu mkuu wa itifaki aliingia karakana. Huyu ndiye aliyehusika na mapokezi ya wageni wa taifa: nani ashikwe mkono kwanza, nani akae wapi. Alikuwa mtu msafi sana, na alitembea kwenye maranda ya mbao kama paka kwenye tope.

"Fundi, wamekubali kuja. Wote wawili. Jumamosi ijayo, ukumbi mkubwa, kusaini daraja lifunguliwe."

Randa ikaanguka mguuni kwa Pimamaji, wala hakuisikia.

"Lakini," mkuu akainua kidole, "unakumbuka mkutano uliopita ulivunjwa na nini?"

Nani asiyekumbuka! Walikalishwa kwenye makochi. Lile la Kifua lilikuwa na springi iliyochoka, na kwenye picha kichwa chake kilionekana chini ya sikio la Ngurumo. Magazeti ya ng'ambo yaliandika, "Tumewazidi." Kifua alirudi mlimani usiku ule ule na kizuizi cha daraja kikaongezwa mifuko ya mchanga.

"Nataka viti vitatu vya mbao tupu," mkuu akasema. "Cha rais wetu katikati, vyao kushoto na kulia. Visizidiane hata kwa unene wa unywele. Wewe ndiye mtu pekee ninayemwamini kwa unywele."

"Na meza?"

"Meza ipo. Ile ndefu ya kutoka ofisini kwangu."

"Ile ni ya chini, mkuu. Imepungua vidole vinne."

"Meza haina wapiga kura, fundi. Iache."

Viti vikaanza. Siku ya tatu akaja mjumbe wa Ngurumo, mwanamume mwembamba mwenye tai nyekundu ndefu iliyofika mkandani ikaendelea na safari. Alifunga mlango nyuma yake.

"Mzee wangu," akanong'ona, "kiongozi wetu ni mtu wa watu. Hajikuzi. Ila watu wenyewe wanapenda wamwone yuko juu kidogo. Vidole viwili tu. Watazama picha hawatajua."

Pimamaji aliendelea kupiga msasa. Damu ilimchemka, lakini sanduku la sebuleni likamjia machoni. "Bwana mdogo," akasema taratibu, "naapa kwa randa hii iliyonilishia mtoto: katika ukumbi ule hakutakuwa na kiti kitakachokuwa juu ya kiti cha kiongozi wako."

Bwana Tai alimkumbatia mpaka akajaa vumbi.

Kesho yake akaja mjumbe wa Kifua, mama wa maungo aliyevaa miwani myeusi humo humo ndani, akaukanyaga msumeno badala ya kuuruka. Yeye hakunong'ona.

"Mzee, shikamoo. Nasikia kuna mtu alikuja hapa."

"Marahaba, mama. Watu huja. Wengine wanataka vigoda."

"Rais wetu hakai chini ya mtu. Sisi watu wa mlimani tumezaliwa juu. Unanielewa?"

"Kabisa. Naapa kwa randa hii: katika ukumbi ule hakutakuwa na kiti kitakachokuwa juu ya kiti cha rais wako."

Mama Miwani akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu uchaguzi. Alipoondoka, Pimamaji alirudi kwenye msasa akipiga mluzi. Hakuwa amesema uongo. Viti vinavyolingana, kipi kiko juu ya kingine? Kiapo kilikuwa safi, wala hakijapungua hata kidole.

Ijumaa alihamia ukumbini na vifaa vyake, kusubiri dharura. Kwa kuwa mikono isiyo na kazi huota kutu, alibeba na zile mbao mbili za kitanda, azipake vanishi ya mwisho chumba cha nyuma ya jukwaa. Jumamosi alfajiri zilikuwa zimekauka, zinang'aa. Akakaa nyuma ya pazia na chai yake, akitazama viti vyake vitatu jukwaani kama baba anayetazama wanawe siku ya mahafali.

Mlango wa pembeni ukafunguliwa. Bwana Tai aliingia kwa ncha za viatu. Alikalia kiti cha kushoto, cha kiongozi wake, akatikisika. Akaenda kukalia cha kulia. Akarudi. Uso wake ukaingiwa na wasiwasi, kwa sababu makalio yenye wivu hayapimi sawa: daima kiti cha mwenzako ni cha juu. Akakibeba cha kushoto akakiweka kulia, cha kulia akakiweka kushoto, akajipangusa mikono na kutoka.

Pimamaji hajamaliza kumeza funda, akaingia Mama Miwani. Naye alikaa huku, akakaa kule, akavua miwani, akavaa. Akasema kwa sauti, "Mzee mwongo yule!" Akavibadilisha viti tena, kila kimoja kikarudi mahali kilipowekwa na fundi, akaondoka kwa hatua za ushindi.

Mzee alicheka mpaka chai ikamtokea puani. Alidhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo inaanza.

Saa nne ukumbi ulijaa. Wapiga picha walijazana chini ya jukwaa. Rais wa nyumbani, mama mpole aliyekuwa mwalimu wa hesabu kabla ya siasa, alikaa katikati na kukunja mikono. Ngurumo akakaa kushoto. Kifua akakaa kulia. Wakatazamana kupitia juu ya kichwa cha mama. Macho yakakutana sawasawa, hapana wa kushusha, hapana wa kupandisha. Unyoya ungeweza kutembea kutoka jicho la huyu hadi jicho la yule.

Hapo Ngurumo akanyoosha mgongo. Kifua naye akanyoosha. Ngurumo akanyoosha shingo. Kifua akavuta pumzi, akaishikilia humo. Ngurumo akasimama kwa vidole ndani ya viatu huku amekaa, jambo ambalo Pimamaji hakujua kwamba linawezekana.

Mkuu wa itifaki aliweka nakala mezani. Rais mama akainama, akasaini, akainuka, sekunde tano. Zikabaki nakala mbili, moja mbele ya kila mgeni. Na meza, ile ya chini, iliyopungua vidole vinne.

Kusaini kulitaka mtu ainame.

Hakuna aliyeinama. Atakayetangulia ndiye kichwa chake kitakachokuwa chini, na kamera ishirini zilikuwa zinangoja tukio hilo hilo. Dakika ya kwanza ikapita. Ya tatu ikapita. Ngurumo alijifanya anasoma kwa mbali. Kifua, ambaye bado hajatoa pumzi, alianza kubadilika rangi. Mkuu wa itifaki alijifuta jasho kwa nakala ya ratiba.

"Mwenzangu ni mgeni," Ngurumo akasema bila kugeuza shingo. "Atangulie."

"Mkubwa hutangulia," Kifua akatoa kwa upepo mdogo. "Amesema mwenyewe kwenye redio kwamba yeye ni mkubwa."

"Kama ni dharau, sisi tuna ndege nje."

"Yetu iko karibu na mlango zaidi."

Nyuma ya pazia Pimamaji alihisi maji yamemfika shingoni. Hizo ndege mbili zikiruka, daraja limekwisha, na mkewe atalihesabu sanduku lile mpaka mtoto atakapoanza shule. Aliwatazama wale wakubwa wawili, wamekakamaa kama milango iliyonyeshewa na mvua, akajua kwamba hata ungewasomea katiba hawatapinda. Seremala hapindishi mti mgumu kwa nguvu, atauvunja. Huuacha mti ulivyo, akasogeza kazi.

Macho yake yakaangukia zile mbao mbili.

Aliibuka jukwaani amezikumbatia, moja kila kwapa, na aproni yake imejaa gundi. Mkuu wa itifaki alitoa sauti kama ya birika. Askari wakapiga hatua.

"Waheshimiwa," Pimamaji akasema kwa ile sauti aliyojifunza shule ya jioni, sauti ya kusomea shairi mbele ya mkaguzi, "mniwie radhi. Kosa ni la itifaki."

"La itifaki?" mkuu akalia.

"La itifaki. Tangu lini mkubwa akaifuata karatasi? Karatasi ndiyo imfuate mkubwa!"

Ngurumo akageuza mboni, mboni tu. "Huyu mzee ni nani?"

"Mtu wa watu," Pimamaji akajibu.

"Anasema kweli," Ngurumo akakubali.

"Nilitaka kusema hivyo mimi," akasema Kifua, na mwishowe akapata nafasi ya kupumua.

Pimamaji hakungoja ruhusa ya pili. Upande wa chini wa ubao aliulaza juu ya mikono ya kiti cha Ngurumo, upande wa juu akauegemeza kwenye rundo la mafaili mezani. Yalikuwa mafaili ya makubaliano ya zamani ya nchi tatu, na kwa muda mrefu hayajapata kazi ya maana kama hiyo. Akafanya vivyo hivyo kwa Kifua. Akatoa pimamaji mfukoni, akailaza juu ya ukingo wa ubao huu, kisha wa ule, mbele ya kamera zote, bila haraka. Kipovu kikakaa katikati mara mbili.

"Sawasawa," akasema.

Nakala zikapandishwa mpaka usawa wa kifua. Mkuu wa itifaki, kwa sauti iliyopasuka, akahesabu moja, mbili, tatu. Wakubwa wakasaini kwa pamoja, migongo imenyooka, macho mbele, kila mmoja bila kuona anachoandika. Sahihi ya Ngurumo ilitoka nje ya karatasi, wino ukaingia kwenye ubao. Wakabadilishana nakala, wakasaini tena. Wapiga picha wakagombana kama kuku waliorushiwa mtama.

Uso laini wa mbao ulikuwa upande wa waheshimiwa, maana karatasi inataka pasipo na michongo. Kwa hiyo uso mwingine uliwatazama wapiga picha. Kesho yake magazeti ya nchi zote tatu yalibeba picha moja: viongozi wawili wamekakamaa, na chini ya kidevu cha kila mmoja bata, mdomo wazi.

Pimamaji aliiona picha hiyo akaficha uso kwa kofia. Alijua atafukuzwa kazi, pengine pamoja na viti vyake. Lakini alikuwa amesahau ni watu gani anaoshughulika nao. Jioni ya siku hiyo redio ya ng'ambo ilieleza kwamba bata ni ndege wa heshima, anayeogelea bila kulowa, kama kiongozi wao. Redio ya mlimani ikaeleza kwamba bata ni ndege asiyeshusha kichwa. Wiki ikaisha watu wa pande zote mbili wamevaa fulana za bata, wakizomeana kwa sauti za bata kuvuka mto.

"Baba!" mkwe akapiga simu, furaha inamtoka. "Umemwona mtu wetu? Hakuinama!"

Majibu saba yalimjia Pimamaji kwenye ncha ya ulimi, yote matamu. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, sanduku mkononi, akimtazama.

"Nimemwona, mwanangu," akasema. "Amekaa wima kabisa. Tutafika kesho mchana."

Walivuka darajani kwa gari la kukodi, kitanda kimefungwa juu. Askari wa ng'ambo alipowaona wale bata alipiga saluti. Askari wa mlimani naye akapiga, asizidiwe. Siku ya nne baada ya kufika, mtoto akazaliwa, wa kike, mwenye mapafu ya kuamsha mtaa.

Mwezi haujaisha, zikaja barua mbili nyumbani kwa binti. Bwana Tai aliandika kwamba ubao wenye wino wa Ngurumo ni mali ya historia, uletwe kwenye jumba la makumbusho. Mama Miwani aliandika kwamba ubao wa Kifua ni mali ya historia zaidi. Mkwe alizisoma kwa sauti, akaanza kusita. Macho yake yakaelekea kitandani.

"Baba, unajua, kwa upande mmoja ni heshima kubwa kwa ukoo..."

"Nipe kalamu," Pimamaji akasema.

Aliwajibu wote wawili kwa mwandiko wake bora, ule wa shule ya jioni, wenye mikia. Aliwaarifu kwamba mbao hizo sasa zimeunganishwa kwa ulimi na tundu, hazitengani ila kwa shoka, na katikati yake amelala mwananchi mmoja ambaye bado hajapiga kura popote. Ndege na magari yao yanakaribishwa wakati wowote. Ila atakayekuja kuzichukua, amwamshe yeye mwenyewe, na ambebe mpaka alale tena.

Hakuna aliyekuja. Nao wino wa Ngurumo, uliochuruzika kwenye ubao wa kichwani, mkwe alikataa katakata usifutwe. Pimamaji hakubishana naye. Alichungulia kitandani, akapeleka mkono chini ya mjukuu, akautoa umelowa.

"Mwite mwalimu," akamwambia mkewe. "Huyu naye ameshasaini."